Mwezi wa Dagaa Haumo Kwenye Programu

Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa gizani. Mvuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, nyavu zikamaliza kazi. Mwezi ukipevuka, anga zima linakuwa taa, na taa ya mvuvi haina tena cha kuvuta. Mitumbwi inapandishwa ufukweni, nyavu zinashonwa, vijana wanavuka kwenda kusalimia nyumbani. Ndiyo maana kwenye kambi nyingi za dagaa, kuanzia visiwa vya Ukerewe hadi mialo ya Igombe na Kayenze, hesabu haingoji tarehe 30 wala 31. Hufungwa giza likiisha.

Sasa chukua programu yoyote ya simu ya kutunza hesabu za biashara ndogo. Itakupa ripoti ya siku, ya wiki, ya mwezi na ya mwaka, tena kwa michoro ya rangi. Mwezi wake ni Januari, Februari, Machi. Kitufe cha giza hakipo. Aliyeitengeneza, awe Nairobi au Bangalore, alifanya kazi yake vizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna watu wanaolipana kwa mwezi wa angani. Tajiri mwenye mitumbwi mitatu akitaka kujua giza lililopita lilimwingizia nini, ana njia mbili: aivunjevunje hesabu yake mpaka ienee kwenye programu, au aifute programu na kurudi kwenye kaunta buku. Wengi hurudi kwenye kaunta buku, nasi tunaoitwa wataalamu wa kompyuta tunapita tukisema watu wa mialoni wanaogopa teknolojia.

Mimi naona wanajua wanachokifanya. Lifungue daftari la kambi ulitazame. Kuna tarehe, jina la mtumbwi, ndoo zilizoshuka, bei ya siku hiyo, mafuta, chakula. Zamani palikuwa na safu ya mafuta ya taa kwa ajili ya karabai. Taa za betri na za sola zilipoingia, mwandishi wa kambi aliifuta safu hiyo na kuandika juu yake "chaji". Pembeni kuna majina ya waliokopa kabla ya mgao. Kambi moja hutoa gharama kwanza kisha hugawana kinachobaki. Nyingine hugawana kwa siku, siku fulani za tajiri na nyingine ya wavuvi. Kila utaratibu umepata nafasi yake kwenye karatasi kwa sababu karatasi haimkatalii mtu: ikipungua safu, unachukua rula na kalamu, unachora. Hakuna wa kumwomba ruhusa na hakuna toleo jipya la kusubiri. Programu nyingi tulizowaletea watu zimewanyang'anya uwezo huo ambao tayari walikuwa nao, na katika mazungumzo ya "kuingia kwenye mfumo wa kidijitali" ni nadra kusikia mtu akiuulizia.

Wapo watafiti na waprogramu duniani ambao kwa miaka zaidi ya arobaini wamekuwa wakitafuta namna ya kuurudisha uwezo huo, yaani kumwezesha mtu asiye mprogramu kuunda na kubadilisha chombo chake mwenyewe cha kompyuta. Majaribio ni mengi, na mengi yamekufa. Mwaka 1987 kampuni ya Apple ilitoa HyperCard, kazi ya Bill Atkinson, iliyomwezesha mwalimu au daktari kuunganisha kadi zenye maandishi, picha na vitufe mpaka akapata programu yake. Ilipendwa sana, kisha ikaachwa ikafa. Jaribio lililofanikiwa kuliko yote, lile lililofika hadi Nansio na Sengerema, lilikuwa la miaka minane kabla ya hapo.

Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara pale Harvard. Alimtazama mwalimu wake akijaza ubao kwa hesabu, na kila namba moja ilipobadilika ilibidi afute na kukokotoa upya vyote vilivyoitegemea. Bricklin akaungana na rafiki yake Bob Frankston, na mwaka 1979 wakatoa VisiCalc kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Ilikuwa karatasi yenye mistari na safu, ila kila kisanduku kiliweza kubeba ama namba ama agizo: wewe jumlisha vile vya juu yako, wewe toa kile kwenye hiki. Ukibadilisha bei, jedwali zima linajikokotoa upya. Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3, mwaka 1985 ikaja Excel. Mtu anayeandika fomula kwenye kisanduku anaiagiza mashine, na kuiagiza mashine ndiko kuprogramu kwenyewe. Ukiniuliza ni lugha gani ya programu inayotumika zaidi katika ofisi za Mwanza nitakujibu Excel, na wengi wanaoitumia watakuapia kwamba wao kuprogramu hawajui.

Tujaribu kuliingiza giza kwenye jedwali hilo. Tuseme safu A ina tarehe za mavuvi. Kutoka mwezi mpya hadi mwezi mpya mwingine hupita wastani wa siku 29.5306. Tunahitaji mwezi mpya mmoja unaojulikana wa kuanzia, na tarehe 6 Januari 2000 inatufaa. Mwezi hupevuka katikati ya safari yake, yaani baada ya siku kama 14.77. Andika basi kwenye safu B:

=INT((A2-DATE(2000,1,6)-14.77)/29.5306)

Fomula hii inahesabu siku zilizopita tangu mwezi mpya ule, inaondoa nusu ya mwezi, inagawanya kwa urefu wa mwezi mzima, kisha inatupa desimali. Kinachobaki ni namba ya giza, na namba hiyo hupanda kwa moja kila mwezi unapopevuka. Weka tarehe 13 Machi 2025, utapata 310. Weka tarehe 14 Machi 2025, siku ambayo mwezi ulipevuka kweli, utapata 311. Kama mauzo yako yapo kwenye safu F, agizo la =SUMIF(B:B,311,F:F) litakujumlishia giza zima la 311, hata kama lilianza katikati ya Machi na kuishia katikati ya Aprili. Kompyuta nyingine hutaka nukta-mkato mahali pa mkato, ikigoma, badilisha. Hapa na pale fomula itapishana na anga kwa siku moja, maana mwezi wenyewe hauendi kwa mwendo ulio sawa siku zote. Hilo halina madhara: mwenye kambi akisema giza letu limeisha jana, anafuta fomula kwenye mstari huo na kuandika namba kwa mkono wake. Programu ya dukani isingemruhusu.

Mistari miwili tu, na jedwali limeshaijua kalenda ya dagaa. Lakini nani ataiandika? Tajiri wa kambi ana mambo mengine ya kufanya. Mwandishi wake anajua hesabu vizuri sana, ila neno INT halijawahi kumpita machoni. Hapa ndipo mazungumzo mengi ya aina hii yanapopotoka, kwa kudhani kwamba lengo ni kila mtu, peke yake, awe fundi wa programu zake.

Bonnie Nardi, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliliona jambo hili mapema. Yeye na mwenzake James Miller waliwahoji watu wanaotumia majedwali kazini, na matokeo ya utafiti huo yaliingia katika kitabu chake cha mwaka 1993, A Small Matter of Programming. Walikuta kwamba jedwali, ambalo kila mtu alilidhania kuwa ni chombo cha mtu mmoja na kompyuta yake, hupitia mikono mingi. Mwenye kazi hulianza mwenyewe na kuandika fomula nyepesi. Zikimshinda humwendea mwenzake wa karibu, mara nyingi wa ofisi hiyohiyo na kazi hiyohiyo, ila aliyependa kompyuta kidogo kuliko wengine. Huyo naye, akikwama, humtafuta mprogramu. Yule wa katikati ndiye anayefanya mambo yaende, kwa kuwa anaijua kazi na anajua kiasi fulani cha mashine. Halipwi kwa hilo na cheo chake hakimtaji.

Mwanza tunaye huyo wa katikati, na mara nyingi utamkuta steshenari. Nenda Nyegezi karibu na stendi, nenda mitaa inayozunguka chuo chochote au ofisi ya halmashauri: chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine ya kopi, foleni. Kijana aliyekaa pale anachapa barua, anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, anaweka vyeti kwenye plastiki, na kati ya mteja na mteja anatengeneza majedwali. Wateja wake wakubwa wa majedwali ni vikoba. Kila kikundi cha kuweka na kukopa kina katiba yake: bei ya hisa, mfuko wa jamii, mkopo usiozidi mara tatu ya hisa, faini. Anakuja mama mweka hazina na daftari lake, anasema, "Mwanangu, anayechelewa tunamtoza mia tano, ila mwenye kichanga hatozwi." Kijana anaitikia, "Sawa mama, tuweke safu ya wenye vichanga." Na safu inawekwa. Kanuni ambayo kamati ya wataalamu ingeiita "hali maalumu isiyotabirika" imeingia kwenye mfumo kabla foleni haijalalamika.

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vimewekwa katika daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo uandishi mzuri wa vitabu umekuwa na uzito zaidi ya ule wa kuepusha ugomvi siku ya kuvunja kikundi. Programu za vikoba zipo sokoni, nyingine nzuri. Nilizoziona zinakuja na katiba yao ndani. Kikundi kinachozitumia huanza kubadilisha taratibu zake kidogokidogo ili zifanane na skrini, wala hakuna kikao kilichokaa kulipitisha hilo.

Watu wa ukanda huu wanalielewa jambo hili kuliko wanavyodhaniwa, kwa sababu ugomvi wa nani anamiliki kipimo si mgeni kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe walikuwa wakilalamikia mizani ya wanunuzi. Mkulima alileta pamba, mnunuzi akapima, mnunuzi huyohuyo akataja uzito. Wakulima walichokifanya ni kuweka wapimaji wao, wakiwalipa wenyewe, wasimame kando na mizani yao na kuupima upya mzigo. Katika vuguvugu hilo aliinuka Paul Bomani, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Viktoria lililokuja kuishika biashara yote ya pamba ya Kanda ya Ziwa. Historia ya siasa za Tanganyika hulitaja shirikisho hilo sana. Wapimaji wale wa mwanzo hutajwa kwa nadra. Siku hizi uzito wa samaki kiwandani, malipo ya wakala na salio la mkopo vinasomwa kwenye skrini ya upande mmoja, na mvuvi mwenye jedwali lake mwenyewe la sangara aliowashusha anasimama pale walipokuwa wamesimama wapimaji wale.

Kuna pingamizi la kweli hapa, nami siwezi kulikwepa. Kila kambi ikijichorea safu zake, nani atajumlisha? Ziwa hili ni la nchi tatu. Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lililoundwa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, linahitaji Kenya, Uganda na Tanzania zihesabu mitumbwi na nyavu kwa namna moja, na tangu mwaka 2000 nchi hizo zimekuwa zikifanya sensa za uvuvi kwa mtindo wa pamoja. TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, haiwezi kufanya kazi na "ndoo" ambayo kisiwani Kome ni ya lita hizi na kisiwani Ukara ni ya lita zile.

Jibu bora ninalolijua lilitoka kwenye sekta ya afya, na limeshafika kwetu. Baada ya mwaka 1994 Afrika Kusini ilikuwa ikiunganisha idara za afya zilizokuwa zimetenganishwa kwa ubaguzi, kila moja na fomu zake. Katika mpango ulioitwa HISP, uliowakutanisha watu wa Chuo Kikuu cha Western Cape na wale wa Chuo Kikuu cha Oslo, akiwamo Jørn Braa, walikubaliana hivi: taifa litaje takwimu chache ambazo kila mtu lazima azilete. Mkoa unaweza kuongeza zake juu ya hizo. Wilaya inaweza kuongeza zake juu ya za mkoa. Zahanati nayo ikitaka kuhesabu kitu ambacho hakuna mwingine anakihitaji, ihesabu. Kila ngazi iko huru mradi imetimiza ya ngazi iliyo juu yake. Programu waliyoitengeneza kwa ajili ya kazi hiyo, DHIS, toleo lake la kwanza lilijengwa juu ya Microsoft Access, chombo cha kawaida cha ofisini, na iliruhusu fomu mpya kuundwa bila kugusa msimbo.

Mrithi wake, DHIS2, ndiyo iliyoupokea MTUHA wetu, mfumo wa taarifa za huduma za afya ulioanza kwa vitabu vya karatasi mapema miaka ya 1990. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo, na kufikia mwaka 2013 DHIS2 ilikuwa imeenea Tanzania Bara. Mhudumu wa zahanati kisiwani anajaza kitabu, anajumlisha mwisho wa mwezi, na takwimu zinaingizwa kwenye mfumo. Ndani ya mfumo huo kipengele kipya cha takwimu, fomu na kiashiria vyote huundwa kwa kujaza visanduku kwenye skrini. Kiashiria chenyewe ni fomula tu, kama ile ya giza: hiki gawanya kwa kile, zidisha kwa mia.

Hata hivyo uwezo uliomo ndani ya chombo ni kitu kimoja, na ruhusa ya kuutumia ni kingine. Fomu za taifa hubadilishwa na wachache wenye ruhusa, na hilo ni sawa kwa takwimu za lazima. Afisa wa takwimu wa wilaya anaweza kujitengenezea majedwali na chati zake, na wengi hufanya hivyo kwa ustadi. Ile sehemu nyingine ya makubaliano ya Afrika Kusini, ngazi ya chini kujiongezea kinachoihusu yenyewe, ndiyo inayosahaulika mifumo inapohamishwa. Zahanati iliyoko ufukweni yenye sababu ya kutaka kuwatenganisha wagonjwa wa kichocho waliotoka kambini na waliotoka kijijini bado itachora safu hiyo kwa rula.

Kwa ukusanyaji wa taarifa mambo ni mepesi zaidi. Mwaka 2008 kikundi cha watu wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, kilianzisha ODK, programu huria ya kujazia madodoso kwenye simu za Android, hata pasipo mtandao. Uzuri wake ni kwamba dodoso lenyewe linaandikwa kwenye jedwali la Excel. Safu moja inataja aina ya jibu, namba au maandishi au chaguo. Nyingine jina fupi la ndani. Nyingine swali lenyewe, kwa Kiswahili, na ukitaka unaongeza safu ya Kisukuma au Kikerewe na msomaji anachagua lugha kwenye simu. Unalipakia, simu zinalipokea. Jiji la Mwanza, lenye NIMR ya utafiti wa magonjwa na TAFIRI ya uvuvi, halikosi watu waliowahi kupita mialoni na dodoso mkononi, na wanajua ilivyokuwa: swali likionekana bovu siku ya kwanza ya kazi, mlikuwa mnalibeba hivyohivyo mpaka mwisho, kwa sababu karatasi zilishachapwa. Leo msimamizi anaweza kulirekebisha usiku akiwa nyumba ya wageni Nansio, asubuhi timu ikaondoka na swali jipya. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo mmoja, wale tunaowaita BMU, kingeweza kuzibeba takwimu zote za lazima na kuongeza tatu zake, mathalani injini zilizoibwa au dagaa walioharibika kwa mvua kwenye vichanja. Kinachohitajika ni mtu mmoja wa katikati na simu mbili nzuri.

Madhara nayo yapo. Jedwali halilalamiki ukikosea. Vuli ya mwaka 2020 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza iligundua kwamba watu 15,841 waliokutwa na UVIKO-19 hawakuwa wameingia kwenye hesabu, kwa sababu faili la mtindo wa zamani wa Excel lina mistari 65,536 tu na iliyozidi ilikuwa ikikatwa kimya. Hao walikuwa na fedha na wataalamu. Kikoba cha wanachama thelathini hakitafika mistari hiyo, ila kina hatari zake: mtu anapanga majina kwa alfabeti na kuisahau safu ya mikopo, na deni la Mama fulani linahamia kwa jirani yake. Hatari nyingine ni faragha. Jedwali lenye majina, namba za simu na madeni ya watu, likitumwa kwenye kundi la WhatsApp, haliwezi kurudishwa, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 mwenye kulitunza ana wajibu juu yake, awe kampuni au mweka hazina.

Pia kuna simu. Wengi wa watu ninaowazungumzia kompyuta yao pekee ni simu, na jedwali kwenye kioo cha inchi sita ni adhabu. Programu za simu zimefungwa kwa makusudi: unatumia ulichopewa. Hata lugha ni kikwazo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, jedwali likiwamo, na mwaka uliofuata Microsoft nao wakaleta Kiswahili kwenye bidhaa zao. Miaka ishirini baadaye nenda steshenari yoyote uhesabu kompyuta zilizowekwa Kiswahili. Ofisi zilishazoea Kiingereza cha menyu, na anayejifunza leo anafundishwa na aliyejifunza jana.

Kikwazo cha lugha ndicho kinachoanza kulegea. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ChatGPT na programu za aina yake zinaweza kusoma maelezo ya Kiswahili na kurudisha fomula au hata programu nzima. Mwandishi wa kambi anaweza kuandika: nataka kujumlisha mauzo kuanzia mwezi ulipopevuka hadi utakapopevuka tena, tarehe ziko safu A. Atajibiwa, mara nyingi kwa usahihi. Wapo wanaosema suala limekwisha, kila mtu sasa ni mprogramu. Naona wameruka hatua. Fomula iliyotoka kwa mashine inahitaji mtu wa kuikagua, na anayeweza kuikagua ni yule anayelijua jibu kwa njia nyingine: mwandishi mwenye magiza matatu yaliyofungwa kwa kalamu kwenye kaunta buku. Ayaingize hayo matatu kwanza. Yakilingana hadi shilingi ya mwisho, aendelee. Yasipolingana, asiiulize mashine imekosea wapi kabla hajaangalia kama daftari ndilo lililokosea, maana hilo nalo hutokea. Na programu nzima iliyoandikwa na mashine, ambayo hakuna hapo kambini anayeweza kuisoma, inamrudisha tajiri palepale alipokuwa na programu ya dukani. Fomula mbili anazoweza kuonyeshwa kwa kidole zina faida kuliko skrini kumi nzuri.

Mtu wa katikati naye huondoka. Kijana wa steshenari atapata ajira Dodoma, au atafungua duka lake Geita, na faili litabaki na watu wasiojua safu ya K inafanya nini. Kwa hiyo anayelipia jedwali leo aombe vitu vitatu kabla hajatoa hela. Faili liwe na ukurasa wa kwanza ulioandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, kila safu na kazi yake na kanuni iliyoizaa, pamoja na tarehe kikao kilipoipitisha. Visanduku vyenye fomula vifungwe visifutwe kwa bahati mbaya, na neno la siri la kuvifungulia liandikwe kwenye katiba ya kikundi au lihifadhiwe na mwenyekiti, kamwe lisibaki kwa fundi peke yake. Na nakala moja itolewe kwenye karatasi kila giza likifungwa, isainiwe na wawili, ikabandikwe kwenye kaunta buku, ambayo kwa maoni yangu isistaafishwe kabla jedwali halijapita mwaka mzima wa magiza, yaani kumi na mawili, na mwaka mwingine kumi na matatu.